Livingstone, Mbuzi wa Maziwa na Sapu Yangu ya Baiokemia

Mwaka wa pili nilikamatwa na sapu ya baiokemia, na kilichonikamata kilikuwa swali moja tu: eleza safari ya mafuta ya chakula kutoka utumboni hadi kwenye damu. Usiku mzima nilikuwa kimbwetani nikimeza madesa ya wenzangu, kwa hiyo nilijibu kwa kujiamini. Niliandika kwamba mafuta yanasagwa, yanapenya utumbo, yanaingia kwenye damu, yanapelekwa kwenye ini, basi, kazi imekwisha. Alama nilizopata sitazitaja hapa, maana jarida hili linasomwa na watu ambao bado wananiheshimu.

Nikarudi nyumbani Tabora kwa treni, begi limejaa madesa, moyo umejaa aibu. Nyumbani nikakuta jambo zito kuliko sapu. Mtoto wa dada yangu, mwaka mmoja na nusu, alikuwa mwepesi kama kifaranga. Si kwamba alinyimwa chakula. Nilimwona kwa macho yangu akimaliza kikombe cha uji na kudai kingine. Lakini kila baada ya wiki mbili tatu tumbo lilimharisha, na mstari wa uzito kwenye kadi yake ya kliniki ulikuwa umelala kama barabara ya Urambo. Bibi yangu alisema kula ni jambo moja na kupata ni jambo jingine. Mimi, msomi wa mwaka wa pili, nikamjibu kwamba chakula ni chakula, mtoto akila atanenepa. Bibi aliniangalia tu, akaendelea kupeta karanga zake.

Jumapili moja, kwa kutaka kukimbia hali ya nyumbani, nikaenda Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kwenye lile tembe la Livingstone. Sisi tuliokua Tabora tunalijua jengo hilo tangu shule ya msingi, tulipelekwa kwa mstari, tukanunuliwa ubuyu, tukarudi. Safari hii nilikuwa peke yangu na nilikuwa na muda. Ndipo nilipoanza kumsoma mzee huyu upya. Sikumsoma kama mpelelezi wa mito na maziwa. Nilimsoma kama mgonjwa wa tumbo. Nawaambieni, wanachuo wenzangu, ukimsoma kwa upande huo, maisha yake yanakuwa mengine kabisa.

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Uskoti, katika familia ya watu maskini. Akiwa na miaka 10 aliingizwa kazini kwenye kiwanda cha nyuzi za pamba, na baada ya kazi alisoma usiku. Yaani kama ni suala la kukesha na vitabu, yeye alituzidi wote, na hakuwa na bumu. Alisomea udaktari Glasgow, akapata leseni mwaka 1840, na mwishoni mwa mwaka huo akapanda meli ya kwenda kusini mwa Afrika kama mmisionari. Mwaka 1844 simba alimvunja mkono wa kushoto. Kovu hilo mlikumbuke, litarudi mwisho wa habari hii. Mwaka 1845 alimwoa Mary Moffat. Kati ya 1854 na 1856 alivuka bara kutoka Luanda hadi Quelimane, na njiani, Novemba 1855, akaoneshwa maporomoko ya Mosi-oa-Tunya na wenyeji ambao walikuwa wakiyafahamu siku zote. Mary alifariki Shupanga, kando ya Zambezi, tarehe 27 Aprili 1862.

Safari inayotuhusu sisi ni ya mwisho. Mwaka 1866 aliondoka Zanzibar, akaingia bara kwa upande wa Ruvuma, akitafuta chanzo cha mto Nile. Alichukua mbuzi wa maziwa. Katika msimu wa mvua wa 1866 kuelekea 1867, porini, mbuzi wake wanne walipotea au waliibwa. Aliandika kwenye shajara yake kwamba hasara hiyo ilimuuma sana, kwa sababu chakula cha namna yoyote, hata kigumu, kilimkalia vizuri akipata maziwa kidogo pamoja nacho, na bila maziwa chakula hicho kilimtesa. Tarehe 20 Januari 1867 likaja pigo la pili: mpagazi mmoja alitoroka na mzigo uliokuwa na sanduku la dawa. Daktari akabaki bila dawa na bila mbuzi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuharisha, homa na kutokwa damu. Alifika Ziwa Tanganyika mwaka 1867, Bangweulu mwaka 1868, Ujiji Machi 1869, na kisha akaingia Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo. Kwa kutafuna mahindi magumu, meno yalilegea na kung'oka. Fikiria sasa: mahindi yasiyosagwa vizuri mdomoni yanashuka kwenye utumbo ambao tayari una vidonda. Tumbo lilijaa, mwili ukapungua. Julai 1871 aliona kwa macho yake mauaji ya watu sokoni Nyangwe, yaliyofanywa na watu wa wafanyabiashara wa watumwa, wafanyabiashara ambao yeye mwenyewe, adui wa biashara hiyo, alikuwa akitegemea chakula na ulinzi wao. Akageuka na kurudi Ujiji, akifika Oktoba akiwa mifupa. Bidhaa alizozitegemea hapo zilikuwa zimekwisha kuuzwa.

Muda mfupi baadaye akatokea Stanley na shehena yake. Livingstone, aliyekuwa akila milo miwili isiyo na ladha, akaanza kula mara nne kwa siku, na ndani ya wiki moja akasikia nguvu. Mpishi wake, Halima, alikuwa na kazi kweli siku hizo. Wakasafiri pamoja hadi Unyanyembe, wakafika Kwihara Februari 1872. Machi 14 Stanley akaondoka kwenda pwani. Livingstone akabaki kwenye tembe lile hadi Agosti 25, akiwasubiri wapagazi kutoka Zanzibar, huku vita ya Mirambo ikiwa bado inachafua njia.

Nilipokaa kwenye baraza la Kwihara, kilichonigusa ni kitu kidogo sana. Katika miezi hiyo, kwa ajili ya safari ijayo, daktari yule alikuwa akitengeneza jibini. Aliacha maziwa yagande yenyewe bila kimeng'enya cha kugandisha, jambo ambalo kwa joto letu huchukua nusu siku tu, kisha akapata jibini lenye uchachu kidogo. Mtu mwenye ramani ya mito kichwani, aliyekuwa akitafutwa na magazeti ya dunia, ameketi Tabora anagandisha maziwa. Hakuwa na anasa. Alikuwa amelijua tumbo lake.

Hapo nikafungua madesa. Na niwaeleze kwa njia ya Tabora, maana ndivyo nilivyoelewa mwenyewe.

Zamani zile Tabora ilikuwa kituo cha kufungua na kufunga mizigo. Msafara ulitoka Bagamoyo, ukapita Mpwapwa na Ugogo, ukafika Unyanyembe. Hapo mizigo ilifunguliwa, ikapangwa upya kwa ukubwa wa kubebwa na mtu mmoja, karibu kilo 30 hivi, kisha ikapewa kirangozi na kuendelea: mingine magharibi kwa Uvinza na Ujiji, mingine kaskazini kwa Karagwe na Buganda. Seli za utumbo mwembamba zinafanya kazi hiyohiyo na mafuta.

Mafuta unayokula, yawe ya karanga, mawese ya Kigoma au samli, mengi ni trigliseridi, yaani asidi tatu za mafuta zilizoshikamana na gliseroli moja. Mzigo huo ni mkubwa, haupiti ukuta wa seli. Kwa hiyo nyongo kutoka kwenye ini inayavunja mafuta kuwa matone madogo, halafu lipasi, kimeng'enya cha kongosho, inakata asidi mbili na kuacha ya tatu kwenye gliseroli. Kazi hii ya kongosho ilioneshwa na Claude Bernard huko Paris katika miaka ya 1840, wakati Livingstone yuko kusini mwa Afrika. Vipande hivyo hufungwa na chumvi za nyongo katika vifurushi vidogo sana viitwavyo miseli, vikasogezwa hadi kwenye vijidole vya ukuta wa utumbo. Vijidole hivyo ni maelfu kwa maelfu, na seli zilizovifunika huishi siku chache tu, tatu hadi tano hivi, kisha hubadilishwa.

Hapa ndipo madesa yangu yalipokosea. Vipande vikishaingia ndani ya seli, haviendi moja kwa moja kwenye damu. Vinaungwa upya kuwa trigliseridi. Seli ile inabomoa mzigo mlangoni ili iufunge tena ndani! Kisha mafuta hayo, pamoja na kolesteroli na vitamini A, D, E na K, yanapakiwa juu ya protini moja iitwayo apo B-48. Huyo ndiye kirangozi. Wapo watu wachache wanaozaliwa na kasoro katika protini inayofanya upakiaji huo, na kwao mafuta hukwama ndani ya seli, kama shehena iliyofika Tabora ikakosa wapagazi. Seli nzima zinajaa mafuta na mwili una njaa.

Mzigo uliokamilika unaitwa kilomikroni. Unapita kwenye Golgi, unatolewa nje ya seli kwa upande wa pili, na kwa kuwa ni mkubwa mno kuingia kwenye kapilari za damu, unashika njia ya limfu. Mishipa hiyo ya limfu Gaspare Aselli aliiona mwaka 1622 ndani ya mbwa aliyekuwa ametoka kula: mishipa myeupe kama ina maziwa. Limfu inapanda kifuani, na karibu na bega la kushoto inamwaga mafuta kwenye vena kubwa, hatua chache kabla ya moyo. Kwa hiyo mafuta mengi yanapita misuli na mwili mzima kwanza, na mabaki ndiyo yanafika kwenye ini. Mimi niliyapeleka kwenye ini moja kwa moja, ndiyo maana nikapata nilichopata.

Lakini kuna njia ya mkato. Asidi za mafuta zilizo fupi hazihitaji kirangozi wala kufungwa upya. Zinapenya seli na kuingia kwenye vena iendayo kwenye ini, haraka na bila gharama kubwa. Na asidi hizo fupi na za kati zimo kwenye maziwa, hasa ya mbuzi, kuliko kwenye karanga au mawese. Majina ya kitaalamu ya asidi tatu kati ya hizo, kaproiki, kapriliki na kapriki, yanatokana na neno la Kilatini la mbuzi. Hospitali leo huwapa mafuta ya namna ya asidi za kati wagonjwa ambao utumbo wao hauwezi kupakia mafuta marefu. Tena maziwa yakigandishwa kuwa jibini, sukari nyingi ya maziwa, ambayo huwasumbua wenye utumbo ulioumia, huondoka na maji yake, mafuta na protini yanabaki. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga ina 4. Yaani kwa mtu mwenye tumbo bovu na safari ndefu, jibini na maziwa ya mbuzi ni akili, si tamaa.

Livingstone hakujua habari za kilomikroni wala apo B-48. Hayo yalijulikana karne iliyofuata. Alijua tu kwamba akipata maziwa, chakula kinamkaa. Bibi yangu naye hajui apo B-48.

Tarehe 25 Agosti 1872 akaondoka Kwihara na ng'ombe wa maziwa, jibini lake na wapagazi wapya, kuelekea kusini. Susi na Chuma walikuwamo, waliokuwa naye miaka mingi. Halima na mumewe Amoda walikuwamo. Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa India, alikuwamo. Mvua zikawakuta kwenye vinamasi vya Bangweulu. Damu ikazidi kumtoka, hadi ikabidi abebwe kwenye machela. Tarehe 27 Aprili 1873, miaka 11 kamili tangu Mary afariki, aliandika mara ya mwisho kwenye shajara yake. Mtu ungetegemea sala, au wosia, au neno juu ya Nile. Aliandika kwamba amechoka kabisa, na kwamba wametumwa watu wakanunue mbuzi wa maziwa.

Watu wale walirudi mikono mitupu. Nchi ile ilikuwa imeporwa mifugo katika mashambulizi ya vita. Ikapatikana karanga. Akaomba apondewe mtama uliokaangwa pamoja na karanga, mke wa Chuma akatayarisha, lakini chakula kilipoletwa hakuweza kukila. Alfajiri ya Mei 1, katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia, walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niamini kwamba habari hii ni yao pia. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari mmoja Zanzibar na kujifunza mawili matatu, aliufungua mwili. Ndani alikuta bonge la damu iliyoganda. Moyo na matumbo vikatiwa kwenye sanduku la bati na kuzikwa chini ya mti, na Wainwright akasoma sala. Kwa hiyo utumbo uliomsumbua miaka yote haukuwahi kurudi Ulaya. Mwili ulitiwa chumvi, ukakaushwa juani wiki mbili, ukafungwa kwa kaniki na magome, ukabebwa.

Oktoba 1873 walifika Tabora, walikotoka. Hapo walimkuta Cameron, ofisa Mwingereza, akawashauri wamzike palepale. Wakakataa. Mbele ya Tabora wakaambiwa kwamba wanakijiji hawataki maiti ipite kwao. Basi wakafanya kile ambacho Tabora imekifanya siku zote: wakafungua mzigo na kuufunga upya. Wakatuma furushi la uongo lirudi Unyanyembe kana kwamba ndiyo maiti, na maiti yenyewe wakaifunga iwe kama robota la nguo la biashara. Ikapita. Februari 1874 walikuwa Bagamoyo, baada ya zaidi ya kilomita 1,500 kwa miguu. Huko London mwili ulitambuliwa kwa lile kovu la mfupa wa mkono aliovunjwa na simba, na tarehe 18 Aprili 1874 akazikwa Westminster Abbey. Wapagazi wengi walilipwa mishahara yao pwani na kutawanyika, na hakuna aliyewajengea tembe la makumbusho.

Mtaniuliza kwa nini namwandikia mzungu ambaye sanamu zake ziko kila mahali. Ni swali halali. Alikuja na nia njema, na ramani zake zikawafungulia njia wengine waliokuja na nia nyingine. Hilo tulijadili kwenye midahalo yetu na tuendelee kulijadili. Mimi nimemwandikia kwa sababu moja: alikula na hakupata, na alikufa akiwa amemtuma mtu kutafuta kitu sahihi.

Niliporudi kutoka Kwihara jioni ile nilimwomba bibi msamaha, ingawa hakuniuliza ni wa nini. Mtoto anayeharisha mara kwa mara kwa maji machafu, vile vijidole vya utumbo wake hufupika na kusinyaa. Anakula, lakini kituo cha kufungia mizigo kimebomoka, na seli mpya zinazokuja kila baada ya siku chache zinakuta uchafu uleule. Kumwongezea uji bila kugusa maji ni kuongeza misafara kwenye kituo kisicho na wapagazi. Tulimrudisha mtoto kliniki. Dada akaanza kuchemsha maji yote ya kunywa, hata yale yanayoonekana meupe, tukajenga kibanda cha kunawia mikono kando ya choo. Bibi akashika idara ya lishe: uji wenye karanga zilizopondwa laini, na maziwa ya mbuzi wa jirani, yaliyochemshwa.

Sapu nilifanya Septemba. Swali la mafuta halikurudi, waliuliza wanga. Nilipita kwa alama za kawaida, msidhani nilipata A. Lakini wiki ya mtihani dada alinitumia picha ya ile kadi ya kliniki. Mstari ulikuwa umeinuka kidogo, kama kidole kinachoanza kunyooka.